Niliyoyasikia Mlangoni pa Chuo cha Biashara

Mtu wa kwanza kunihoji maishani alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi huko Nanyuki, na hakuniuliza jina langu. Aliniuliza kuhusu mbuzi.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la sita, na watu wakiniuliza sababu huwa nawaambia ni karo, kwa kuwa jibu hilo huwaridhisha na wanaacha kuuliza. Karo ilikuwa tatizo, sikatai. Lakini tatizo kubwa zaidi lilikuwa reli. Ilipita karibu na kwetu, pale Sagana, na nilitaka kujua inaishia wapi. Inaishia Nanyuki. Nilipofika huko sikuwa na nauli ya kurudi, kwa hivyo nikatafuta kazi.

Hajji Abdi alikuwa amesimama kwenye zizi lake nyuma ya soko la mifugo, kofia nyeupe kichwani, fimbo kwapani. Nilimwambia naweza kupika. Akanyoosha fimbo kuelekea kundi la mbuzi.

"Wewe mtoto, angalia hiyo mbuzi. Gani iko mgonjwa?"

"Sijui mambo ya mbuzi, Hajji," nikasema. "Lakini yule mwenye doa hajatafuna kitu tangu nisimame hapa, na wenzake wote wanatafuna."

Akamwangalia yule mbuzi, akaniangalia mimi. "Jikoni ni kule," akasema.

Nawaambia hivi nyinyi mnaokuja hapa kwangu na fomu zenu, mnakaa kwenye kiti changu cha mbao na kuniuliza mimi bibi yenu, "Shosh, wataniuliza nini kwa intavyu?" Wataniuliza nini, wataniuliza nini. Mimi sijui watakuuliza nini. Ila nimekaa miaka mingi mlangoni pa chumba cha mahojiano katika chuo cha biashara hapa Nyeri, nikiita majina na kuingiza chai, na walioingia chumba kile wakapata nafasi wengi wao walifanya kama nilivyofanya mbele ya zizi la Hajji. Walisema wasichokijua bila kujikunyata, kisha wakasema walichokiona kwa macho yao. Basi. Mngeweza kwenda nyumbani sasa, lakini chai bado haijachemka.

Baada ya Nanyuki nilizunguka. Niliuza mchele Wang'uru, nikajifunza kuuma punje moja na kujua kama imekauka sawasawa au mtu ameilaza na maji ili iwe nzito. Nilirudi Sagana nikakaanga samaki. Karatina nilishona mifuko ya nguo za mitumba. Kila mahali nilikaa mpaka nikaelewa kazi inavyokwenda, halafu miguu ikaanza kuwasha. Mama yangu alikuwa akisema nimezaliwa bila makalio, sina cha kukalia. Chuoni nilifika kama mfagiaji nikidhani nitakaa miezi mitatu. Nikakaa mpaka nikastaafu. Sababu ni kwamba ule mlango ulikuwa unaleta dunia nzima kwangu, na mimi sikuhitaji tena kuifuata.

Siku ya kwanza kuita majina ilikuwa kwa sababu karani alikuwa mgonjwa. Nikapewa orodha na chupa ya chai, nikaambiwa, "Mama Nyawira, wewe waite mmoja mmoja tu." Wakati huo nilikuwa tayari mama wa watoto wakubwa. Niliwaita kama nilivyosikia watu wakiitwa mahakamani, majina yote matatu, sauti juu. Kijana wa kwanza alisimama akainua mikono kidogo, kama anayejisalimisha. Nikajua nimekosea. Kesho yake nikaanza kuwasalimia, kuwauliza wametoka wapi, na kuwapa chai.

Chai nayo ikaleta kosa la pili. Kulikuwa na mwanaume mmoja mrefu kutoka Othaya, fundi wa mabati aliyetaka kusomea usimamizi wa biashara. Alikuwa amefika mapema na kulikuwa na baridi ile ya Julai inayoshuka kutoka mlimani na kuingia kwenye mifupa. Nikampa kikombe kimoja. Akamaliza, nikaongeza. Akamaliza, na unajua huku kwetu kukataa chai ni kama kumkataa aliyeipika, nikaongeza tena. Ndipo nikamwita ndani. Nikasikia kupitia mlango kila akiulizwa swali anajibu, "Ndiyo." "Hapana." "Inawezekana." Jopo likamwona mtu wa dharau. Alitoka mbio, akanipita, akaelekea upande wa choo. Aliporudi uso ulikuwa umepata amani.

"Mathe," akaniambia, "wewe umeniua na chai."

Nilirudi ndani nikaungama kwa jopo. Walicheka, wakamwita tena, na safari hii akawaeleza mambo ya mabati mpaka wakachelewa chakula. Tangu siku hiyo, mtu anayengoja kuhojiwa nampa nusu kikombe, na namwonyesha choo kabla hajauliza. Hilo liandikeni.

Siku hizi wengine wenu mnahojiwa kwenye simu, mkiwa nyumbani. Nilikuwa bado kazini hayo yalipoanza, nikapangiwa kusaidia kuunganisha watu. Niliona mengi. Kijana mmoja alikuwa amevaa shati na tai, nadhifu kabisa, amekaa kwenye ghala la mahindi kwa sababu ndiko mtandao unakoshika. Katikati ya maneno yake kuhusu uongozi, mama yake akapita nyuma na ndoo, akasimama, akachungulia kwenye simu, akasema, "Ati hao ndio watu wa chuo? Waambie huyu hajakula tangu asubuhi." Yule kijana alitaka ardhi immeze. Lakini alifanya jambo moja la busara. Alisema, "Huyu ni mama yangu. Ndiye aliyenifundisha kuuza mayai." Akaendelea kutoka hapo. Kwa hivyo, ukihojiwa kwa simu, kaa ukiangalia dirisha, usiligeuzie mgongo. Ipe simu chaji usiku wa kuamkia siku hiyo, si asubuhi ile. Waambie watu wa nyumbani. Na wakipita hata hivyo, usijifanye huwajui.

Sasa niwaambie kuhusu Daktari Akinyi, kwa maana bila yeye hii hadithi haina miguu.

Daktari Akinyi alikuwa mwenyekiti wa jopo. Alikuwa ametoka upande wa ziwani, mama mwenye kicheko kikubwa na miwani aliyokuwa akiisahau kichwani. Alinipenda kwa sababu nilikuwa namuuliza maswali. Nikiingiza chai wakati wa mapumziko nauliza, "Daktari, yule wa pili mbona mmemkataa, alikuwa anaongea kama redio?" Naye anajibu, "Ndiyo maana, Mama Nyawira. Alikuwa anaongea kama redio. Umewahi kuiuliza redio swali?"

Alinieleza kwamba wengi wanaingia na maneno waliyoyakariri. Nina ndoto. Nina shauku. Mimi ni mchapakazi. "Sijawahi kumwona mtu akija kusema yeye ni mvivu," akasema. "Mimi nataka mtu aliyejaribu kitu kidogo, kikamshinda, akakirudia kwa njia nyingine. Aniambie alipokosea. Huyo naweza kumfundisha." Nilikuwa nasikiliza haya nikifuta meza, na jioni nikifika nyumbani nayarudia kama mtu anayesali. Niliacha shule mapema lakini shule haikuniacha.

Halafu akaja Wambui.

Wambui alitoka Giakanja, alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na alikuwa amemaliza kidato cha nne na kuishia hapo. Alinunua ovakado kwa wakulima wa Tetu na kuzipeleka kwa watu wanaozipakia kwenda ng'ambo. Alitaka nafasi ya ufadhili. Kila muhula wa kuingia chuo kilikuwa na nafasi moja ambayo mfadhili alilipia kila kitu, na sharti lake lilikuwa kali: mtu anaruhusiwa kujaribu mara mbili tu maishani. Bila ufadhili, Wambui asingeweza kusoma. Alikuwa na wadogo wawili shuleni, na yeye ndiye aliyekuwa baba na mama.

Mara ya kwanza alipokuja alifika mapema sana, akanikuta nikifagia korido. Vidole vyake vilikuwa na madoa meusi ya utomvu wa ovakado, yale yasiyotoka kwa sabuni. Mimi, mwenye akili nyingi, nikamwambia ayafiche. "Keti ukiwa umekunja mikono. Humo ndani ni watu wa vitabu. Soko liache hapa nje na mimi." Akanitii. Alikuwa mtoto mwenye adabu.

Nikasikia kila kitu kupitia mlango. Daktari Akinyi akamuuliza kwa upole, "Biashara yako inaendeleaje?"

"Tunasukuma tu," Wambui akasema.

"Kuna faida?"

"Ni kujaribu. Tunashukuru Mungu, siku inapita."

"Una wateja wengi?"

"Si wengi sana. Wachache wachache."

Hakupata. Na ile fomu yake, ambayo niliiona nikikusanya vikombe, ilikuwa imeandikwa kwa mkono wa Daktari: biashara inayumba, haonyeshi juhudi.

Nilimkuta kwenye ngazi za nje. Hakuwa analia. Alikuwa amekaa na viatu mkononi, maana vilikuwa vya kuazima na vilimbana, anaangalia barabara.

"Mama Nyawira, walikuwa wanataka niseme nini?"

Nikakaa karibu naye. "Niambie mimi. Hawa wakulima wako ni wangapi?"

"Kama nyumba sitini hivi."

"Sitini?"

"Walikuwa kumi mwaka juzi. Lakini niliwaonyesha kuchuma na upondo wenye wavu, matunda yasianguke chini, na kuacha kikonyo kidogo yasioze. Wakaona mzigo hawarudishiwi. Wakaitana."

"Na wewe unabeba na nini?"

"Niko na pikapu. Siku ya mzigo mkubwa naita ya pili."

Msichana mwenye nyumba sitini na pikapu ameingia mle ndani akasema anasukuma tu. "Mbona hukuwaambia haya?"

Akaniangalia kama niliyemuuliza mbona hakuingia uchi. "Nijisifu, Mama? Mbele ya watu wazima?"

Hapo ndipo niliona kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yangu miaka yote. Nyinyi mmezaliwa hapa, mnajua. Pita soko lolote, kuanzia Karatina hadi Giakanja, umuulize mama mwenye duka lililojaa watu, "Biashara?" Atakuambia, "Aa, tunang'ang'ana tu." Hawezi kusema ni nzuri. Akisema ni nzuri, binamu atakuja jioni na shida yake. Jirani atasema ameanza kujiona. Kamati ya kanisa itamweka wa kwanza kwenye orodha ya mchango. Na ndani kabisa anaogopa kwamba ukitaja neema kwa sauti, inasikia na kuondoka. Hata mimi ukiniuliza habari ya mboga zangu hapo nje nitakuambia zimekataa, na wewe unaziona zimefika kiunoni. Si uongo. Ni adabu. Mtu wa hapa anasikia "tunasukuma" na anaelewa kuna mzigo wa kusukuma.

Lakini Daktari Akinyi hakuwa mtu wa hapa.

Kesho yake niliingiza chai nikafunga mlango nyuma yangu. Sikuwahi kufanya hivyo. "Daktari," nikasema, "nikuulize kitu, na kama nimevuka mpaka uniambie. Mtu akikuambia biashara ni mbaya, wewe unaandika nini?"

"Naandika ni mbaya. Niandike nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza vile ninavyowaeleza nyinyi, binamu na jirani na kamati ya kanisa. Kwanza akacheka mpaka miwani ikashuka kutoka kichwani. "Mama Nyawira, kwetu mtu akiwa na baiskeli anakuambia ana gari. Unagawanya kwa nne, unapata ukweli. Kumbe huku ninatakiwa kuzidisha?" Akacheka tena. Halafu kicheko kikaisha taratibu. Akavuta lile rundo la fomu za miaka iliyopita, akaweka mkono juu yake.

"Nimewafukuza wangapi?" akauliza.

Nikammiminia chai.

Baada ya siku chache aliniita akanisomea swali jipya alilotaka jopo litumie. Hakuna tena kumuuliza mtu biashara inaendeleaje. Sasa ingekuwa: tuambie siku yako ya Jumanne iliyopita, tangu ulipoamka. "Jumanne haina sifa," akasema. "Mtu anaweza kuisimulia bila kuona haya. Unaonaje?" Mimi, wa darasa la sita, niliulizwa naonaje. Nikamwambia ni sawa, ila awaache wamalize, asiwakatize wakifika kwenye kiamsha kinywa.

Wambui nilimwambia arudi kwangu kila Jumamosi baada ya kazi, mpaka muhula ufike. Tulifanyia mazoezi jikoni. Nilimpa viazi amenye, nami nikauliza maswali, kwa sababu mtu mikono yake ikiwa na kazi ulimi unasahau kuogopa. Shida yake kubwa ilikuwa neno sisi. Tulinunua, tulipanga, tulionelea.

"Nyinyi nani?" namuuliza.

"Mimi na wakulima."

"Wavu nani aliufikiria?"

"Tuliufikiria."

"Wambui."

"Mimi."

"Basi sema mimi. Kusema ulichofanya si kujisifu. Kujisifu ni kusema usichofanya."

Anamenya kiazi kizima kabla ya kujibu. "Inaniwasha mdomoni," anasema.

"Iache iwashe."

Nilimfundisha pia kunyamaza. Mnaogopa sana kimya nyinyi vijana. Ukiulizwa swali, hesabu pumzi mbili. Kama hujalielewa, omba lirudiwe. Hakuna aliyewahi kukataliwa kwa hilo. Na wakikuuliza kama una swali, uwe nalo, swali ambalo kweli unataka jibu lake. Kuhusu madoa ya vidole, nilimwomba msamaha. Nikamwambia aje nayo.

Siku ya mara ya pili walikuwa watatu wanaogombea nafasi ile moja. Mmoja alikuwa kijana wa benki mwenye viatu vinavyong'aa, mwingine mama mwenye duka la dawa za mifugo kule Chaka. Wambui akaitwa wa mwisho. Alikuwa amevaa sketi yake na viatu vyake. Nikaingia na chai nyuma yake, nikachukua muda wangu kupanga vikombe.

"Tuambie Jumanne iliyopita," Daktari Akinyi akasema. "Tangu ulipoamka."

Wambui akahesabu pumzi mbili. Halafu akaanza na simu aliyoipiga kabla ya jua, kwa nani na kwa nini. Akafika kwa mjomba wake. Huyo mjomba alikuwa amechuma matunda machanga ili awahi bei, na Wambui aliyakataa mbele ya majirani. "Mjomba yangu hakunisalimia wiki mbili," akasema, na kile Kiswahili cha kusoma kikamponyoka kidogo. "Nilikosea. Si kukataa. Nilikosea kumkataa mbele ya watu. Kwa hivyo nilichukua tunda moja yake na moja ya jirani, nikaweka kwa dirisha yangu. Jumanne nikampelekea zote mbili. Yake ilikuwa imekunjamana kama uso ya mzee. Ile ingine ilikuwa laini. Sikusema kitu. Nilikula ile laini, nikamwachia ile yake."

"Akasema nini?" akauliza mmoja wa jopo, ambaye kwa kawaida husinzia.

"Aliniuliza kama niko na chumvi."

Waliangua kicheko wote. Nikaona vidole vyake viko juu ya meza, na madoa yake yote, naye amesahau kabisa kwamba viko hapo. Nikajisemea moyoni, imeisha, nafasi ni yake.

Ndipo Daktari Akinyi akauliza swali la mwisho. "Masomo yetu ni Jumatatu hadi Ijumaa, asubuhi hadi alasiri. Mfadhili anataka mahudhurio kamili. Biashara utamwachia nani?"

Kila mtu anajua jibu la swali hilo. Hata viti vinajua. Unasema, nitajitolea kikamilifu. Kijana wa benki alilisema. Mama wa dawa alilisema.

Wambui akahesabu pumzi mbili, tatu, nne.

"Jumanne na Ijumaa asubuhi sitakuja," akasema. "Hizo ndizo siku wakulima huchuma. Wananingoja kando ya barabara na mzigo. Nikikosa mara mbili tu watauzia broka wa kupita, na nikimaliza masomo sitakuwa na biashara ya kusomea. Siku zingine nitakuja, hata mvua ikinyesha. Na sasa niko na swali yangu. Je, hizo asubuhi mbili naweza kuzilipa kwa saa zingine?"

Hakuna aliyecheka. Daktari aliandika kitu, akasema asante, na mimi nikatoka na trei yenye nusu ya vikombe, nusu nyingine nimeisahau mezani.

Kwenye korido nikamshika mkono. "Wambui, mtoto wangu, umeharibu. Ilikuwa imeisha. Si ungesema tu ndiyo, mengine tupange baadaye?"

"Ningesema ndiyo, Jumanne ya kwanza wangeniona mwongo," akasema. "Wewe uliniambia niseme nilichofanya. Hiyo ndiyo nafanya, Mama." Aliniaga kwa mikono miwili. Hakuwa na nafasi ya tatu, na sote wawili tulijua.

Matokeo yalitoka Jumanne iliyofuata. Ilikuwa kazi yangu kuwasomea watu waliokusanyika ukumbini. Kijana wa benki alikuwepo, mama wa dawa alikuwepo. Wambui hakuwepo, na nilikuwa nimejua hatakuwepo. Kabla sijaingia ukumbini, Daktari Akinyi alinitokea mlangoni, miwani kichwani, akanipa bahasha na karatasi ya ratiba iliyochorwachorwa kwa kalamu nyekundu.

"Nimegombana na mfadhili wiki nzima," akasema. "Nimemwambia, unataka mahudhurio au unataka mtu? Nimehamisha masomo ya asubuhi hizo mbili yaanze saa nane mchana, kwa darasa zima. Walimu wamelalamika, kisha wakagundua watalala zaidi, wakanyamaza." Akagonga bahasha kwa kidole. "Kuna mmoja tu katika miaka yangu hapa aliyeniuliza swali alilotaka jibu lake. Mpelekee."

Nilisoma majina ukumbini kwa haraka ambayo haikuwa ya heshima. Kisha nikapanda pikipiki hadi Giakanja, mkoba kifuani, viatu vyangu vya kazini vikiwa tayari vina matope tulipofika njia ya ndani. Nilimkuta kando ya barabara katikati ya watu, mizani mbele yake, kalamu sikioni, akibishana na mama mmoja kuhusu tunda lililochumwa bila kikonyo. Mjomba wake ndiye aliyekuwa akipanga kreti.

Aliniona. Akaiona bahasha. Nikafungua mdomo.

"Ngoja, Mama Nyawira," akasema. "Hii pikapu inaondoka sasa hivi. Shika upande huo tupandishe."

Nikaiweka bahasha chini ya kwapa, nikainama, nikashika upande wangu. Kreti ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Tukapandisha hiyo, tukapandisha nyingine, na nyingine, mpaka zikaisha na dereva akafunga nyuma. Pikapu ilipokata kona, Wambui alipangusa mikono kwenye aproni, akaitoa bahasha kwapani mwangu yeye mwenyewe, na kabla ya kuifungua akawageukia wale wakulima wote waliokuwa wametuzunguka.

"Mimi," akasema, "niliomba chuo."

Halafu akaifungua mbele yao.